Ziwa, Handaki na Kodi: Maswali Yenu Kuhusu Majumba ya Makabaila wa Uingereza

Toleo lililopita tulichapa picha za majumba manne ya mashambani Uingereza, yaani Blenheim, Chatsworth, Stowe na Harewood, pamoja na viwanja vyake. Barua zenu zimezidi nafasi tuliyonayo. Tumetanguliza zinazouliza vitu hivyo hufanyaje kazi, kwa kuwa picha haionyeshi tuta, mfereji wala bomba, na mandhari yote ile inategemea hivyo vitatu.

Swali: Ndugu Mhariri, lile ziwa la Blenheim lililopita chini ya daraja ni la asili au lilichimbwa? Kama lilichimbwa, mbona maji hayapotei ardhini?
*Mwanafunzi wa uhandisi*

Jibu: Halikuchimbwa, ndugu yetu, maji yalizuiwa. Ujenzi wa Blenheim, huko Oxfordshire, ulianza mwaka 1705 kwa ajili ya John Churchill, Duke wa kwanza wa Marlborough. Msanifu John Vanbrugh alijenga daraja lenye vyumba zaidi ya 30 ndani yake juu ya Glyme, kijito ambacho hakikustahili hata robo ya daraja hilo. Mambo yakabaki hivyo hadi miaka ya 1760, mbunifu wa mandhari Lancelot Brown alipopewa kazi. Aliziba bonde upande wa chini, karibu na kijiji cha Bladon, akayaacha maji yajae. Yalipanda hadi yakafunika vyumba vya chini vya daraja, na daraja lililokuwa limezidi kimo likalingana na maji yake.

Mbunifu wa ziwa la namna hii huanza na vigingi. Hupima usawa mmoja kuzunguka bonde zima, akapigilia vigingi pale maji yatakapofika, kisha hurudi kwenye madirisha ya jumba kutazama. Ncha mbili za ziwa lazima zifichwe. Ya juu hukunjwa nyuma ya kilima au miti. Ya chini, penye tuta, hufichwa kwa vichaka au kugeuzwa maporomoko. Jicho lisipouona mwisho wa maji huamini ni mto unaoendelea na safari yake. Brown aliijua hila hiyo kuliko wote waliomwiga, na kwa maoni yetu ndiyo iliyomfanya atafutwe na makabaila nchi nzima.

Sasa kuhusu maji kupotea. Kinga ni udongo wa mfinyanzi. Unatiwa maji, unakatwakatwa na kukanyagwa mpaka hewa itoke na unate kabisa, kisha unatandazwa tabaka kwa tabaka, kila moja sentimita 15 hadi 20, na kushindiliwa kabla haujakauka. Katikati ya tuta husimamishwa ukuta mzima wa mfinyanzi huo, ukianzia kwenye mtaro uliochimbwa hadi kwenye ardhi isiyopitisha maji. Udongo wa kawaida hujazwa pande zote mbili kuushikilia. Mfinyanzi hauvumilii kukauka: ukikauka hupasuka, na maji yakirudi yanakuta njia. Ndiyo maana ziwa la aina hii halishushwi maji kiangazi kizima bila sababu nzito.

Tatizo linaloonekana zuri machoni ni miti juu ya tuta. Mizizi hupenya kwenye mfinyanzi; mti ukifa, mizizi inaoza, na kila mzizi uliooza unaacha tundu refu kama bomba. Dhoruba ikiuangusha mti, unaondoka na bonge la tuta. Kwa hiyo mkaguzi hutembea chini ya tuta upande mkavu akitafuta majimaji. Maji maangavu yanayovuja kwa kiasi kilekile mwaka hadi mwaka huandikwa na kufuatiliwa. Maji yenye rangi ya udongo ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu tuta linaliwa kwa ndani. Jambo la pili la kuangalia ni njia ya kumwagia maji ya ziada. Ikizibwa na matawi na majani, maji hupita juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa na maji juu hukatika kwa muda mfupi sana.

Sheria ya Mabwawa ya mwaka 1975 inahusu England moja kwa moja: bwawa linaloweza kushikilia zaidi ya mita za ujazo 25,000 juu ya usawa wa asili wa ardhi lazima lisajiliwe, na likihesabiwa kuwa tishio kwa maisha ya watu, linakuwa chini ya uangalizi wa mhandisi wakati wote, na ukaguzi kamili unafanywa angalau kila miaka 10. Tuta la karne ya 18 halipewi msamaha kwa uzee wake.

Limebaki tope. Kila ziwa linalolishwa na mto hujaa tope, likianzia pale mto unapoingia. Dawa nafuu ni kidimbwi cha kunasia tope juu ya ziwa, kinachozolewa mara kwa mara. Wenye nyumba wanaoahirisha kazi hiyo hujikuta siku moja wana kinamasi chenye matete, na gharama kubwa wakati huo huwa ni kutafuta mahali pa kulimwaga tope lote.

Swali: Pale Stowe kondoo wanaonekana wanakula nyasi hadi karibu na jumba, na uzio hauonekani. Nini kinawazuia wasipande hadi mlangoni?
*Mfugaji*

Jibu: Handaki lenye ukuta upande mmoja, linaloitwa haha. Mbunifu wa bustani Charles Bridgeman alilitumia Stowe, Buckinghamshire, mwanzoni mwa karne ya 18, na lilienea kote. Upande wa jumba kuna ukuta wima wa mawe au matofali unaoshikilia udongo wa bustani. Kichwa cha ukuta kinalingana na nyasi au kinakaa chini yake kidogo. Upande wa malisho, ardhi inapanda taratibu. Kwa kina cha mita 1.5, mteremko huo huwa na urefu wa mita 4 hadi 5. Mnyama anashuka bila shida, anakutana na ukuta, anageuka. Aliye dirishani anaona nyasi moja isiyokatika.

Hila hii hufanya kazi tu handaki likikata mbele ya mtazamaji. Likielekea upande uleule anaotazama, analiona lote kama kovu. Kwa hiyo likibidi kupinda, hupindishwa pale ambapo kichaka au mwinuko unalificha.

Haha nyingi zinaharibika kwa njia moja. Nyuma ya ukuta kuna udongo, udongo unashika maji, na matundu ya kutolea maji kwenye ukuta yameziba kwa mizizi na tope. Uzito wa maji unausukuma ukuta; kwanza unatokeza tumbo, halafu unaanguka kipande kizima baada ya baridi kali. Ukiona tumbo, usikimbilie kuupaka saruji kwa nje, maana unaziba njia za mwisho za maji. Fungua sehemu hiyo kwa vipande vifupi vya mita 1 hadi 2, panga mawe chini kwa utaratibu uleule, jaza kokoto nyuma ya ukuta badala ya udongo, rudisha matundu, jenga tena kwa chokaa ukuta ukiegemea kidogo upande wa bustani.

Chini ya handaki nako majani na udongo hujikusanya. Zikiongezeka sentimita 40, ukuta wa mita 1.5 umebaki mita 1.1, na kondoo anayetamani maua ataujaribu. Kulungu ni habari nyingine kabisa: wao wanahitaji kizuizi cha karibu mita 1.8, kwa hiyo haha iliyojengwa kwa ajili ya kondoo haitawazuia.

Swali: Nimeangalia picha kwa makini. Majani ya chini ya miti yote kwenye uwanja yamekatwa sawasawa, utadhani kwa rula. Ni watunza bustani wanaofanya hivyo? Na miti ya miaka 250 ikifa, inarudishwaje?
*Mama mpenda bustani*

Jibu: Mama, una jicho kali. Wanaokata ni wanyama. Ng'ombe na kulungu hufikia karibu mita 1.8, kondoo karibu mita 1.2, na kila jani lililo chini ya hapo linaliwa. Ukitazama mstari huo unaweza kujua ni mifugo gani imelishwa hapo. Wanyama wakiondolewa, matawi hushuka hadi chini, na ile nafasi ya kuona mbali chini ya miti inafungwa. Nyumba nyingi zimepoteza mandhari yake hivyo, bila mti hata mmoja kukatwa.

Kupanda upya kunafanywa kati ya Novemba na Machi, miti ikiwa imelala. Shimo huwa pana kuliko mizizi, ila lisiwe na kina kuliko mizizi yenyewe. Pale shina linapotanukia mizizi pabaki usawa wa ardhi. Mti uliozamishwa hufa polepole, na aliyeupanda hulaumu ukame. Kigingi kifike theluthi moja tu ya urefu wa shina, ili mti uyumbe na kujenga nguvu, kisha kiondolewe baada ya miaka 2 au 3. Nyasi ziondolewe kwenye duara la kipenyo cha mita 1 na mahali pake pawekwe vipande vya mbao visivyogusa shina. Nyasi ndizo zinazonyang'anya mti mchanga maji. Kiangazi cha kwanza na cha pili, lita 40 hadi 50 kwa wiki siku za ukame zinatosha.

Kisha kinga. Ng'ombe hawali tu, wanajisugua, na boma hafifu huangukia mti na kuuvunja. Boma la mbao nzito au chuma, kimo cha mita 1.8, lililo mbali na shina kiasi kwamba ulimi haufiki, ndilo linalodumu. Lifunguliwe kila mwaka kuangalia kamba inayoushika mti kwenye kigingi. Kamba iliyosahauliwa hukata shina.

Vile vishada vya miti kwenye vilima vilipandwa kwa wingi, vikazungushiwa uzio, kisha vikapunguzwa kidogo kidogo kwa miongo mingi hadi ikabaki michache yenye matawi mapana. Palipoachwa bila kupunguzwa utaona miti mirefu myembamba yenye majani kileleni tu. Hiyo haiwezi kurekebishwa tena. Siku hizi aina huchanganywa. Ugonjwa wa miti ya elmu katika miaka ya 1970 uliua mamilioni ya miti, na ugonjwa wa miti ya eshi ulithibitishwa Uingereza mwaka 2012. Aliyekuwa na kishada cha aina moja alipoteza chote.

Neno moja kuhusu mialoni mikongwe: kinachoiua mara nyingi ni magari ya wageni siku za sherehe. Udongo ukigandamizwa, mizizi inakosa hewa, na dalili huonekana baada ya miaka. Kanuni inayofuatwa kwa miti mikongwe ni kuacha eneo lenye nusu kipenyo cha mara 15 ya unene wa shina. Shina la mita 1.2 linadai mita 18 kila upande bila gari wala hema.

Swali: Kwa nini ndani ya majumba haya kuna giza, mapazia yamefungwa nusu mchana kweupe?
*Msomaji mtalii*

Jibu: Mwanga hufifisha rangi na kuozesha nyuzi, na uharibifu wake haurudi nyuma. Kwa nguo, mapazia na rangi za maji, kiwango kinachokubalika ni lukisi 50 (lukisi ni kipimo cha mwanga). Kwa picha za rangi za mafuta, karibu lukisi 200. Dirisha lililo wazi siku ya jua hupita viwango hivyo mara nyingi sana. Simama mlangoni dakika chache kabla ya kuingia, macho yatazoea na utaona vizuri. Joto nalo huendeshwa kwa kuangalia unyevu wa hewa, ambao hutakiwa ubaki karibu asilimia 50 hadi 65. Usishangae basi kukuta chumba kina baridi.

Swali: Ni kweli kwamba mtoto mmoja tu alirithi kila kitu? Na ilikuwaje familia tajiri hivyo zikafikia kuuza au kugawa nyumba?
*Mwalimu wa historia*

Jibu: Mwalimu, tenganisha cheo na mali. Cheo hufuata masharti ya hati iliyokitoa, ambayo kwa kawaida humtaka mrithi wa kiume. Marlborough ni mfano wa pekee: Bunge lilipitisha sheria mwaka 1706 kuruhusu cheo kipitie kwa mabinti, kwa kuwa mtoto wa kiume wa Duke alikuwa amefariki.

Mali ilifungwa kwa mkataba wa ukoo. Kijana mkubwa alipotimiza miaka 21 au alipooa, yeye na baba yake walitia saini mkataba mpya uliomfanya awe mtumiaji wa mali maisha yake yote, bila haki ya kuiuza. Mkataba huohuo ulimtengea mjane posho, mabinti mahari yao na wadogo wa kiume fungu lao. Alipokuja kuwa baba, naye alimtaka mwanawe atie saini vivyo hivyo. Kwa njia hiyo ardhi ilikaa pamoja karne nzima, lakini malipo ya wajane na wadogo yaliendelea kurundikana juu ya mashamba yaleyale.

Kufikia miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ikashusha bei, na kodi za wakulima wapangaji zikashuka nazo. Sheria ya mwaka 1882 iliruhusu mtumiaji kuuza ardhi, fedha ikibaki ndani ya wakfu wa ukoo. Wengine walioa mali: Duke wa 9 wa Marlborough alimwoa Consuelo Vanderbilt wa Marekani mwaka 1895. Mwaka 1894 ilikuja kodi ya mirathi, kiwango cha juu kikiwa asilimia 8. Kufikia mwaka 1949 kilikuwa asilimia 80.

Chatsworth, Derbyshire, inaonyesha maana ya namba hizo. Familia ya Cavendish, wenye jumba hilo, ilikuwa imekabidhi mali kwa wakfu mwaka 1946, na sheria ilidai mtoaji aishi miaka 5 baada ya hapo. Mkuu wa familia hiyo, Duke wa 10 wa Devonshire, alifariki Novemba 1950, zikiwa zimebaki wiki chache tu. Asilimia 80 ikadaiwa. Maelfu ya ekari yaliuzwa, kazi za sanaa zikatolewa, na jumba jingine la familia, Hardwick Hall, likaenda serikalini na kisha kwa National Trust, shirika la uhifadhi, mwaka 1959. Kulimaliza deni kulichukua zaidi ya miaka 15. Wasiokuwa na Hardwick ya kutoa walibomoa. Mamia ya majumba yalivunjwa katika karne ya 20.

Leo mrithi anaweza kusamehewa kodi kwa masharti: atunze jengo na viwanja, na umma uruhusiwe kuingia. Akivunja masharti, kodi inadaiwa. Siku nyingi za wazi unazoziona kwenye matangazo zinatokana na makubaliano hayo.

Swali: Mmesifia sana uzuri. Fedha ilitoka wapi, na wakazi wa hapo walipelekwa wapi?
*Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Swali la haki. Harewood, Yorkshire, lilianza kujengwa mwaka 1759 na Edwin Lascelles, na utajiri wa ukoo huo ulitoka kwenye sukari na biashara ya watumwa visiwani Karibi. Bunge lilipofuta utumwa kwa sheria ya mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa fidia wamiliki, na familia ya Lascelles ilikuwa miongoni mwa waliolipwa. Waliotumikishwa hawakupewa chochote. Familia yenyewe sasa inaizungumzia historia hiyo waziwazi, na mgeni anastahili kuielewa anapotazama dari na fanicha.

Kuhusu wakazi, Milton Abbas huko Dorset ndipo mfano ulipo wazi zaidi. Joseph Damer, Lord Milton, aliona mji mzima uko karibu mno na jumba lake. Uliondolewa, na wengine wakajengewa nyumba pacha za kuezekwa kwa nyasi, zilizopangwa kwa mstari kwenye bonde ambalo jumbani halionekani. Brown alihusika katika mpango huo. Kijiji kipo hadi leo na watu wanakipiga picha kwa uzuri wake. Mji wa kwanza ulikuwa na shule, soko na nyumba za pombe.

Swali: Chemchemi ya Chatsworth inarusha maji juu namna ile kwa pampu gani?
*Kijana wa kidato cha tatu*

Jibu: Haina pampu, mwanangu. Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Chatsworth, aliijenga mwaka 1844, Tsar Nikolai I wa Urusi alipotarajiwa kutembelea, ingawa hakufika. Alichimba ziwa kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 100 juu ya jumba, na kuyashusha maji kwa bomba la chuma. Mgandamizo wa kimo hicho ndio unaorusha maji, na yaliwahi kufika karibu mita 90. Tofauti ya kimo hupotea kwa msuguano ndani ya bomba na upinzani wa hewa. Ziwa likipungua wakati wa ukame, chemchemi hufungwa.

Swali: Ukuta wa zamani wa mawe ukimomonyoka viungo, kuna ubaya gani kuziba kwa saruji? Ni imara zaidi.
*Fundi mwashi*

Jibu: Uimara wake ndio tatizo, fundi. Ukuta wa zamani hupumua kupitia viungo vya chokaa. Ukiviziba kwa saruji, unyevu hutokea kwenye jiwe lenyewe. Jalidi ikipiga, maji yaliyomo yanaganda, yanatanuka, na uso wa jiwe unabanduka. Baada ya miaka utaona saruji imesimama peke yake kama fremu na mawe yamerudi ndani.

Kwangua kiungo kwa kina kisichopungua mara 2 ya upana wake, kamwe chini ya milimita 20. Safisha vumbi, lowesha ukuta. Changanya chokaa 1 kwa mchanga mkali 3, wenye punje za ukubwa tofauti, na ushindilie kiungo hadi nyuma bila kuacha mwanya. Kikianza kuwa kigumu, kipigepige kwa brashi ngumu ili uso ufunguke. Kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa wiki nzima. Chokaa iliyokauka haraka inabaki unga. Usifanye kazi hii chini ya nyuzi joto 5, na baada ya Oktoba subiri majira ya kuchipua.

Jengo likiwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, muulize kwanza afisa wa uhifadhi wa halmashauri, maana kubadilisha sura yake bila kibali ni kosa la jinai. Na ile saruji ya zamani: ikitoka kwa patasi na nyundo ndogo, itoe. Ikiwa inatoka na kipande cha jiwe, iache mpaka ilegee yenyewe.